Nyumbani au Jimu? Namna ya Kudumu na Mazoezi Mtaani Kariokor

Kila mwezi wa Januari jimu za mtaani hujaa. Vijana hupanga foleni kungojea vyuma, mashine za kukimbilia hazipoi, na wenye jimu huandikisha wanachama wapya kila siku. Ikifika mwisho wa Machi, wengi wao hawaonekani tena. Vivyo hivyo kwa wale walioamua kufanyia mazoezi nyumbani: kamba ya kuruka iliyonunuliwa Gikomba inaning'inia nyuma ya mlango, na mkeka umerudi kuwa wa kukalia wageni.

Kwa mkazi wa Kariokor, swali la kama afanyie mazoezi nyumbani au alipie jimu linahusu mfuko wake, nafasi aliyo nayo na muda wake. Lakini zaidi ya hayo, linahusu afya. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani presha, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akiuza bidhaa zake sokoni bila kuhisi lolote, hadi siku anapopata kiharusi. Mazoezi ya mara kwa mara ni mojawapo ya njia za kuipunguza, na pia husaidia kuzuia kisukari na unene wa kupindukia. Ila faida hiyo huja kwa anayedumu nayo. Aliyefanya wiki tatu kisha akaacha hana akiba yoyote mwilini.

Makala haya yanaeleza kwa nini ari hupungua, jimu ina faida na gharama gani, nyumbani kuna urahisi na vikwazo gani, na namna mkazi anavyoweza kuchagua njia atakayoifuata mwaka mzima.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Pamoja na hayo, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya kusimama imara na nguvu, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke ovyo.

Mtu hahitaji mashine kujua kama zoezi ni la wastani. Akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, hilo ni la wastani. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hilo ni kali.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Na si lazima ziwe za jimu. Mwongozo huo unasema wazi kuwa kila mwendo unahesabika. Mkazi anayetoka Kariokor hadi katikati ya jiji kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, tayari ameanza hesabu. Anayepandisha mtungi wa maji wa lita 20 hadi ghorofa ya tatu amebeba kilo 20, na misuli yake haiulizi kama ule ulikuwa mtungi au chuma cha jimu.

Kwa nini ari hupungua?

Watu wengi hujilaumu kwamba ni wavivu. Mara nyingi tatizo ni kwamba wanategemea hamu, na hamu huja na kwenda. Kinachodumu ni mazoea.

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia mpya, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2010. Muda wa kati uliohitajika hadi tabia ijiendeshe yenyewe ulikuwa siku 66. Kwa wengine zilikuwa siku 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Tabia ngumu kama mazoezi zilichukua muda mrefu kuliko zile rahisi kama kunywa glasi ya maji. Utafiti huo uligundua pia kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, anayeanza Januari na kuchoka Februari ameacha kabla tabia haijashika. La pili, aliyekosa Jumanne kwa sababu ya mvua au kibarua cha ghafla hajaharibu chochote. Anachopaswa kufanya ni kurudi Jumatano, asingoje Jumatatu wala mwezi mpya.

Jimu: faida na gharama

Faida kubwa ya jimu ni mazingira yake. Mtu akishaingia, hakuna sufuria jikoni, hakuna mtoto anayelia, hakuna televisheni inayomwita. Kila aliye karibu naye anafanya kazi ile ile. Kuna vyuma vya uzito tofauti, hivyo nguvu huongezwa hatua kwa hatua. Na pakiwa na mwalimu anayejua kazi yake, anayeanza hufundishwa kunyanyua bila kuumiza mgongo.

Kuna pia nguvu ya wenzake. Katika miaka ya 1920, mwanasaikolojia wa Ujerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa klabu moja jijini Berlin. Aliona kuwa mtu mwenye nguvu kidogo alivumilia zaidi alipofanya kazi akiwa ameunganishwa na mwenzake kuliko alipokuwa peke yake. Hali hiyo ilionekana zaidi pale tofauti ya nguvu kati yao ilipokuwa ya kadiri. Kwa lugha ya mtaani, mwenzi bora wa mazoezi ni yule anayekushinda kidogo. Anayekushinda mbali atakukatisha tamaa, na mnayelingana naye mtabaki mlipo.

Gharama ya jimu ni pesa, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mwaka wa 2006, wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti kuhusu wanachama wa jimu 3 nchini Marekani. Waliokuwa na mkataba wa mwezi, uliozidi dola 70, walihudhuria wastani wa mara 4.3 kwa mwezi. Kwa hiyo kila mara walipoingia iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi ya siku 10 na kulipa dola 10 kwa siku. Walijiahidi wangekuja mara nyingi, wakalipia ahadi hiyo, kisha hawakuja.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa hapa nyumbani pia. Tuseme jimu inatoza shilingi 200 kwa siku au shilingi 2,500 kwa mwezi. Ili mwezi umfae mteja, lazima ahudhurie mara 13 au zaidi, yaani angalau mara 3 kila wiki bila kukosa. Anayeanza, ambaye bado hajui kama atadumu, ni afadhali alipe kwa siku kwa mwezi mmoja au miwili, aandike kila siku aliyokwenda, kisha ahesabu. Akipita mara 13, alipie mwezi. Asipofika, ameokoa pesa zake. Mkataba wa mwaka mzima, hata ukiwa na punguzo, unamfaa yule ambaye tayari daftari lake linaonyesha kuwa huhudhuria.

Jambo jingine la kuangalia ni umbali. Jimu nzuri iliyo mbali itashindwa na jimu ya kawaida iliyo njiani kati ya kazi na nyumbani. Kwa wanawake hasa, usalama wa njia saa za jioni na saa za alfajiri ni sehemu ya umbali huo.

Nyumbani: urahisi na vikwazo

Nyumbani hakuna ada, hakuna nauli, na hakuna anayemtazama mtu. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, mzee anayeona haya kwenda mahali palipojaa vijana, na mwenye duka anayefunga saa tatu usiku wote wanaweza kufanya mazoezi bila kubadilisha ratiba ya watu wengine.

Vifaa si tatizo kubwa. Kuchuchumaa na kuinuka mara 10 hadi 15 huimarisha mapaja na magoti. Pushapu hufanyiwa sakafuni, na anayeanza anaweza kuegemea ukuta au ukingo wa kitanda imara. Kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu huku mgongo umenyooka huimarisha tumbo. Chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa maji ni kilo 3 za kuanzia mabega. Kamba ya kuruka hutoa jasho kwa dakika 5 tu.

Vikwazo vya nyumbani ni vya aina nyingine. Cha kwanza ni nafasi. Katika nyumba ya chumba kimoja, sebule ndiyo jikoni na ndiyo chumba cha kulala watoto. Cha pili ni majirani: anayeruka kamba ghorofa ya pili saa kumi na moja asubuhi amemwamsha kila aliye ghorofa ya kwanza. Cha tatu, na ndicho kikubwa zaidi, ni kwamba nyumbani kuna kazi isiyokwisha. Anayesema "nikimaliza kuosha vyombo nitafanya" mara nyingi hamalizi. Mwisho, nyumbani hakuna anayegundua kuwa mtu ameacha.

Dawa ya vikwazo hivyo ni mpango. Mazoezi yasiyo na kelele, kama kuchuchumaa, pushapu na kujinyoosha, yafanywe ndani. Ya kuruka yafanywe uwanjani au chini ya jengo baada ya jua kuchomoza. Wakati uwe mmoja na uambatane na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku: baada ya kuamka na kabla ya kuoga, au mara tu maji ya chai yanapowekwa jikoni. Na familia ijulishwe kuwa dakika hizo 20 zina mwenyewe. Watoto mara nyingi hujiunga, na hilo ni faida, kwa kuwa nao wana dakika zao 60 za kutimiza.

Njia ya tatu: mtaa wenyewe

Kati ya nyumba na jimu kuna mtaa. Kariokor ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Leo pia wakazi wengi hubeba, husukuma na kutembea kwa riziki. Lakini wapo wengi wanaokaa kutwa nzima: fundi wa viatu vya ngozi, msusi wa viondo, dereva wa matatu, karani wa ofisini.

Tofauti kati ya anayekaa na anayetembea ilionyeshwa zamani. Mwaka wa 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva waliokaa. Baadaye ilibainika kuwa madereva walikuwa pia wanene zaidi tangu walipoajiriwa, hivyo ngazi pekee hazielezi tofauti yote. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kuwa kujongea hulinda moyo.

Ngazi za ghorofa isiyo na lifti ni mashine ya bure. Kupanda na kushuka kwa dakika 10, kwa mwendo wa kadiri na mkono karibu na reli, ni zoezi la wastani kwa wengi na ni kali kwa anayeanza. Fundi anayekaa anaweza kusimama kila baada ya saa moja, azunguke soko mara moja, kisha arudi kazini.

Kumbi za jamii katika mitaa ya Eastlands zimejulikana kwa miaka mingi kwa ndondi na michezo mingine. Mkazi anaweza kuuliza katika ofisi ya wadi yake kuhusu siku na saa ambazo ukumbi ulio karibu hutumika kwa mazoezi, na kama kuna kikundi anachoweza kujiunga nacho. Mazoezi ya mabondia, yaani kamba, kukimbia na kupiga begi, hayamlazimu mtu kupigana.

Mambo matano yanayomsaidia mtu kudumu

1. Kuanza kidogo. Dakika 10 kila siku kwa wiki mbili za kwanza ni bora kuliko saa nzima siku moja na maumivu ya wiki nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Kuandika. Alama moja kwenye kalenda ya ukutani kila siku ya mazoezi inatosha. Lengo liwe lile mtu analoweza kulitimiza mwenyewe, kama "siku 4 kwa wiki". Kilo hupanda na kushuka, lakini alama ya kalenda haidanganyi.

3. Chama cha mazoezi. Kila mtaa unajua chama cha kuchangiana pesa, na sababu yake kudumu ni kwamba anayekosa huulizwa. Watu 4 au 5 wanaweza kukubaliana siku na saa, na kila anayekosa bila sababu akaweka shilingi 50 kwenye kapu. Mwisho wa miezi mitatu pesa hizo zinunue kamba, mkeka au matunda ya wote.

4. Kuambatanisha na raha. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2014, watu walioruhusiwa kusikiliza hadithi tamu zilizorekodiwa wakiwa jimu tu walihudhuria zaidi ya wenzao mwanzoni. Mkazi naye anaweza kuweka kipindi chake cha redio au muziki anaoupenda kiwe cha wakati wa mazoezi pekee.

5. Kupanga kurudi. Katika utafiti huo huo, faida ilififia, hasa baada ya likizo. Hivyo ndivyo pia hutokea kwa anayesafiri mashambani Desemba. Kabla ya kusafiri, aandike tarehe ya kurudi kwenye mazoezi na amwambie mwenzake. Siku ya kwanza baada ya mapumziko ifanywe nusu ya kawaida.

Mfano wa wiki moja

Mpango ufuatao unachanganya njia zote tatu na unafikisha dakika 150 za mwendo na siku 2 za nguvu:

Jumatatu: kutembea kwa haraka kwenda au kutoka kazini, dakika 30.
Jumanne: mazoezi ya nguvu nyumbani, dakika 20.
Jumatano: kutembea kwa haraka, dakika 30.
Alhamisi: mazoezi ya nguvu nyumbani au jimu, dakika 20.
Ijumaa: ngazi, kamba au kutembea, dakika 30.
Jumamosi: jimu kwa malipo ya siku, ukumbi wa jamii au matembezi na kikundi, dakika 60.
Jumapili: kupumzika.

Kwa mfano wa bei uliotolewa juu, anayefuata mpango huu na kwenda jimu Jumamosi tu atatumia shilingi 800 kwa mwezi wenye Jumamosi 4, badala ya shilingi 2,500.

Tahadhari

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Anayetumia insulini ajue kuwa mazoezi hushusha sukari, hivyo awe na kitu kitamu karibu. Anayehisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida aache mara moja na atafute matibabu. Dawa za presha zisiachwe kwa sababu mtu ameanza mazoezi. Daktari ndiye anayeamua kupunguza.

Kabla ya kuanza, ni vyema mkazi ajue presha yake. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha, sukari na uzito, na hutembelea nyumba za wakazi. Kipimo kinaweza pia kufanywa katika kituo cha afya kilicho karibu. Namba iandikwe kwenye kalenda ile ile ya alama za mazoezi, na ipimwe tena baada ya miezi mitatu.

Basi, kati ya nyumbani na jimu, ipi bora? Ni ile ambayo mtu ataonekana akiifanya mwezi wa Juni. Kwa wengine ni jimu, kwa sababu wanahitaji wenzao. Kwa wengine ni sebuleni, kwa sababu wana watoto. Kwa wakazi wengi itakuwa ni mchanganyiko: miguu barabarani, nguvu nyumbani, na jimu siku ambayo mfuko unaruhusu. Anayesita aanze na dakika 10 leo jioni, kwenye ngazi za jengo lake.